Kikombe Cheusi Kwanza: Kupima Migahawa ya Kahawa ya Moshi na Mji Mkongwe

ELIA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia migahawa midogo ya kahawa inayoendeshwa na wenyewe, ile isiyo na matawi kila mji, na tutajikita zaidi katika miji miwili, yaani Moshi na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mimi nimelelewa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, mibuni ikiwa chini ya migomba, na dada Zuhura amekulia jirani na baraza za kahawa, kwa hiyo kila mmoja anakuja na upendeleo wake.

ZUHURA: Ahsante, kaka Elia. Na wewe upendeleo wako unajulikana, kwa sababu kila tunapoingia mahali unaagiza kahawa nyeusi bila sukari, kisha unaiacha mezani huku mhudumu akikutazama kwa wasiwasi.

ELIA: Naiacha ipoe hadi iwe vuguvugu, maana kahawa ikiwa ya moto sana ulimi hauonji kingine ila moto. Ikishapoa, ile iliyounguzwa kwenye kikaango hutoa uchungu wa majivu, na arabika nzuri, ile aina ya kahawa ya mlimani, huonyesha uchachu mwororo na utamu unaobaki kinywani. Maziwa na sukari husitiri mengi, ndiyo sababu sikubali kumhukumu mtu kwa kikombe chenye vitu hivyo kabla sijaonja cheusi.

ZUHURA: Lakini wateja wengi hawanywi hicho kikombe chako, wanaagiza kapuchino, na haki ni kupima kile kinachouzwa. Maziwa nayo yana ufundi wake. Yakipashwa hadi nyuzijoto 60 au 65 yanakuwa matamu yenyewe bila sukari, ila yakizidi 70 utamu hupotea na harufu ya maziwa yaliyoungua hutawala. Povu nalo liwe laini na zito, si mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia ambayo hupasuka kabla hujaketi.

ELIA: Hapo nakubali, na nitaongeza kwamba mimi humtazama zaidi barista, yaani mtengeneza kahawa, akiwa kwenye mashine ya kusagia kuliko akichora maua juu ya maziwa. Kipimo cha kawaida cha espreso, ile kahawa nzito ya mashine, ni gramu 18 za kahawa iliyosagwa, zitoe kama gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Kahawa ikitiririka kwa sekunde kumi, ujue imesagwa chengachenga mno na itakuwa chachu, tena nyepesi. Barista anayejali ataimwaga, atarekebisha kisagio na kuanza upya, hata kama foleni ni ndefu.

ZUHURA: Basi tuanze na Moshi, maana ni mji wa kahawa ambao, samahani kaka, mgeni anaweza kulala hotelini akaletewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya unga.

ELIA: Huo ni ukweli unaouma. Wamisionari walipanda mibuni Kilema, mteremkoni mwa Kilimanjaro, mwaka 1898, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa huko, KNCU, kimekuwapo tangu 1933, na Bodi ya Kahawa yenyewe iko hapo Moshi, lakini zao hili lilijengwa kwa ajili ya meli. Daraja za juu zilikwenda nje, na nyumbani kwa mkulima kilichochemshwa asubuhi kilikuwa chai. Watu wamevuna kahawa maisha yao yote bila kuinywa ikiwa imekaangwa vizuri. Kwa hiyo ninapoingia Union Café, ambayo ni ya KNCU, kinachonifurahisha kwanza si kiti wala dari, bali kwamba buni ya mlima huo inakaangwa na kunywewa hapohapo, kwa jina la wakulima wenyewe.

ZUHURA: Hapo ndipo unapoanza kumhoji mhudumu.

ELIA: Ninamuuliza mambo mawili tu: kahawa hii imetoka wapi, na ilikaangwa lini. Akinijibu kwamba ni ya Tanzania, hajanijibu, kwa sababu arabika ya Kilimanjaro si ile ya Mbinga wala ya Mbeya, na robusta ya Kagera ni mmea mwingine kabisa. Tarehe ya kukaangwa nayo ina uzito, kwani mfuko uliokaa rafuni miezi kadhaa hauwezi kuokolewa na mashine ya bei yoyote.

ZUHURA: Mimi naona huduma haipimwi kwa mtihani wa jiografia. Mhudumu akikwambia kwa adabu kwamba hajui, kisha akaenda kuuliza jikoni, huyo amefaulu. Huduma hujulikana mambo yanapoharibika. Dar es Salaam, katika mgahawa mmoja nisioutaja, nilirudisha kahawa iliyokuwa chungu kupita kiasi. Wakaniletea kikombe kilekile, wamekiongeza maji ya moto, na alama ya rangi yangu ya mdomo ikiwa palepale ukingoni. Sikugombana na mtu, ila mahali pale nilipanyima alama zote za huduma.

ELIA: (anacheka) Muuza kahawa wa barazani asingethubutu. Tupeleke basi Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe.

ZUHURA: Pale Mji Mkongwe hapahitaji maelezo mengi: dele, yaani birika la kahawa, juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, tangawizi, kipande cha kashata pembeni, na watu wakigombania siasa na mpira huku dhumna ikipigwa mezani. Muuzaji anajua nani anakunywa vikombe vitatu na nani amesafiri. Shilingi zako chache zinatosha kukuweka hapo jioni nzima, na hakuna mgahawa wenye viti vya ngozi utakaoifikia hali ile.

ELIA: Kwa hiyo unapapa alama zote?

ZUHURA: Kwa haiba ya mahali, wanaume wangepapa zote. Mimi nimepita pale tangu utotoni na sijawahi kukaa, kwa kuwa baraza ile ni ya wanaume na kila mtu anajua hivyo bila kuambiwa. Halafu, kwa kipimo chako mwenyewe, kahawa iliyokaa juu ya makaa tangu alasiri inaungua, na tangawizi ndiyo inayoibeba. Nilipoanza kwenda Zanzibar Coffee House, pale Mkunazini, katika nyumba iliyojengwa 1885, niliona jambo ambalo wapimaji wengi hawaliandiki: mwanamke ameketi peke yake na kitabu chake, anakunywa kahawa ya Mbeya, na hakuna anayemuuliza anamsubiri nani.

ELIA: Hilo linanifanya niupe ukaaji uzito zaidi kuliko nilivyokuwa nikiupa. Ila kikombe kile kinagharimu mara nyingi zaidi ya kile cha baraza.

ZUHURA: Ndiyo, na ndiyo maana nakuwa mkali. Anayenitoza shilingi 5,000 asinifukuze kwa macho baada ya nusu saa, asiniwekee spika juu ya kichwa, na umeme ukikatika asiniambie kwamba kahawa hakuna.

ELIA: Yule mwenye mgahawa wa uchochoroni kule Moshi alifaulu hapo. Umeme ulipozima aliinjika birika kwenye jiko la gesi, akapima gramu 15 kwa mililita 250 za maji, akamimina taratibu juu ya kichungio cha karatasi, na kikombe kile kilipopoa kilikuwa bora kuliko espreso yake.

ZUHURA: Kahawa nampa tisa kati ya kumi, huduma tisa. Viti vyake lakini vilinichosha mgongo, na umeme uliporudi, muziki wa spika yake iliyo juu ya kichwa ukarudi nao.

ELIA: Basi tumwandikie nane kwa jumla.

ZUHURA: Saba na nusu, kaka Elia, hadi aisogeze ile spika.