Hawakukutana, Hawakuachana: Jinsi Mwani wa Kijani Unavyofanya Kundi
(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya wanafunzi na wazazi wao)

Wazee wangu, kina mama na vijana, asalaam aleikum.

Maji haya ya kijani nimeyachota jana katika birika la nyumba iliyohamwa mtaani kwetu. Zamani birika likiwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure likikaa chini ili wapate pa kujisitiri maji yakipungua. Birika hili halina samaki tena, umebaki mwani. Waliotangulia kuchungulia hadubini wameona vitone vya kijani vikikimbia huku na huku. Kila kitone ni seli moja, nayo ni kiumbe kamili.

Mashuhuri katika jamaa hizi ni Klamidomonasi. Ana mijeledi miwili ya kuogelea, na upana wake ni kama sehemu ya mia ya milimita. Binamu yake Volvoksi ni tufe la seli mia kadhaa hadi maelfu, na huonekana kwa macho makavu kama nukta ya kalamu inayobingirika. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, alimweleza mwaka 1700. Msimtafute baharini hapo, yeye ni wa maji baridi.

Sasa, seli hizi huwaje kundi? Nikiuliza darasani najibiwa: zinakutana, zinashikana, kama watu wanaoanzisha chama. Jibu zuri, ila kwa ukoo huu si kweli. Hazikukutana. Ni ndugu wa tumbo moja ambao hawakuachana.

Klamidomonasi hukua mchana, na usiku hujigawa mara mbili, tatu au zaidi ndani ya ukuta wa mama. Watoto huuyeyusha ukuta ule, kila mmoja akashika njia yake. Goniamu, jamaa yake mwingine, naye hujigawa vivyo hivyo, lakini watoto wake, 8 au 16, hubaki wameshikamana katika ute, bapa kama kisahani. Pandorina ana 16 katika kitufe, Eudorina mara nyingi 32. Mwaka 2016 watafiti walichukua jeni moja ya Goniamu inayosimamia mgawanyo wa seli, wakaitia katika Klamidomonasi, naye akaanza kufanya vikundi. Jeni moja! Mimi hilo bado linanishangaza.

Sisi watu wa Lamu tunalijua jambo hili. Binti akiolewa, babake humjengea juu au ubavuni, na wikio, yaani daraja la nyumba na nyumba, hupita juu ya njia, watu wakaingiliana bila kushuka chini. Kijusi cha Volvoksi nacho kina wikio zake, vijinjia vyembamba vya kuunganisha seli na seli. Kwa baadhi ya aina hubaki maisha yote, kwa nyingine hukatika baadaye, ute ukashika kazi.

Lakini lipo tatizo. Kijusi kikimaliza kujigawa, mijeledi iko upande wa ndani. Utaogeleaje? Niwieni radhi, navua kofia. Tazameni: nakshi ziko nje. Naipindua, nakshi zimeingia ndani. Kijusi kimeanza hivi. Basi hufunguka tundu upande mmoja, na tufe zima likajipindua kupitia hapo hadi mijeledi ikatoka nje. Na zile wikio ndizo zinazozizuia seli zisisambaratike wakati wa kupinduka.

Faida ya kukaa pamoja? Kutoliwa ni mojawapo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, Klamidomonasi waliwekwa pamoja na kiumbe mwingine wa seli moja anayewala. Kwa vizazi 750 hivi, mafungu 2 kati ya 5 yaliyofugwa pamoja na mla huyo yalipata tabia ya kukaa pamoja. Mkubwa hamezeki upesi.

Kijana wa nyuma anauliza kama upo mwani unaokutana kweli. Upo, mwanangu. Pediastramu, wa ukoo mwingine, seli zake changa huogelea kwanza ndani ya mfuko mdogo, kisha zikajipanga na kugandana kama gurudumu lenye meno. Hata hao wametoka kwa mama mmoja.

Naam, bibi? Mama wa Volvoksi huwaje, watoto aliowabeba ndani wakitoka?

Hupasuka, bibi. Katika aina moja inayochunguzwa sana, seli kama 2,000 ni za kuogelea tu, hazizai; zinazozaa ni 16 hivi. Watoto wakishatoka, zile 2,000 hufa.

Anasema, "Masikini." Haya, hadubini ni moja, watoto wadogo watangulie.