Leza ya Macho kwa Askari: Kabla ya Kuiacha Miwani

Assalaamu alaykum, maafande na wapiganaji wa vikosi vyetu.

Wengi wenu mnataka kuachana na miwani, na sababu zenu ni za kweli. Boti ikipiga wimbi, chumvi hukauka kwenye kioo na huoni kitu. Ukivaa barakoa ya zimamoto, miwani haina pa kukaa. Leza yaweza kuliondoa tatizo hilo, lakini kabla hujauliza utaona lini, uliza konea yako ina unene gani, na kazini uso wako hukutana na nini.

Konea ni kioo cha mbele cha jicho. Katikati unene wake ni kama mikroni 540, nusu milimita na ushei. Leza ya upasuaji huu, iitwayo eksaima, hukwangua konea hiyo, na kila dayopta moja (kipimo cha nguvu ya miwani) ya namba yako hula takriban mikroni 12 hadi 15. Kilicholiwa hakirudi.

Njia za upasuaji huu ni mbili, LASIK na PRK. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha mikroni 110 hivi, hukifunua kama mlango wenye bawaba, hupiga leza chini yake, kisha hukirudisha. Kesho yake unaona vizuri. Katika PRK hakuna kifuniko: huondolewa utando wa juu tu, mikroni 50 hivi, leza hupiga, na utando huota wenyewe.

Chukueni askari mwenye konea ya mikroni 480 na namba ya kutoa 6, yaani haoni mbali. Leza itakula 90. Kwa LASIK, toa 110, toa 90, chini ya kifuniko hubaki 280. Kiwango cha chini kabisa ni 250, na madaktari wengi waangalifu hutaka 300. Kwa PRK, toa 50, toa 90, hubaki 340. Jicho ni lile lile, ila akiba haiko sawa. Konea iliyobakishiwa kidogo mno huweza kutuna polepole, na hapo hata miwani haisaidii.

Tena kifuniko hakirudii kamwe nguvu yake ya mwanzo. Kidole, kitako cha bunduki au kamba iliyokatika huweza kukisogeza hata miaka mingi baadaye. Jeshi la wanamaji la Marekani nalo, lilipoanza utafiti wake mwaka 1993 kule San Diego, lilianza na PRK. Mtu wa ngumi, mbizi na kamba, mimi namshauri PRK bila kusita. Wa ofisini ana uhuru zaidi.

Wasiofaa: ambaye namba yake imebadilika zaidi ya nusu dayopta ndani ya mwaka, mwenye konea iliyochongoka, na mwenye mzio anayefikicha macho kila siku. Huyo wa mwisho atibiwe mzio kwanza. Lenzi laini za kuvaa jichoni zivuliwe wiki 2 kabla ya vipimo, la sivyo konea hupimwa ikiwa imebonyea.

Sasa bei ya PRK, si ya fedha bali ya mwili. Siku 2 au 3 za mwanzo huuma kweli, na utavaa lenzi ya kukinga kidonda kwa siku 4 hadi 7. Usiombe dawa ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani: huzuia utando kuota na konea yaweza kuyeyuka. Maji ya kisima na ya bahari yasiingie jichoni, maana yana vijidudu. Kuhusu udhu, zungumza na sheikh wako kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake. Kuona hutulia baada ya mwezi 1 hadi 3, hivyo ratiba ya doria ipangwe mapema.

Jua letu nalo lina lake. Mionzi yake huchangia ukungu kwenye konea, hasa kwa wenye namba kubwa. Daktari hupaka mitomaisini, dawa ya kuzuia ukungu huo, ya asilimia 0.02 kwa sekunde chache na kuisuuza, lakini miwani ya jua ni wajibu wako kwa miezi kadhaa, hata ukiwa chini ya turubai la boti, kwani maji huakisi.

Mwenye miaka 45 na namba ya kutoa 2 afikiri mara mbili. Leo huvua miwani akasoma ramani. Baada ya leza atahitaji miwani ya kusomea.

Na matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji, hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki au miezi. Kwa baadhi ya watu hupandisha shinikizo la jicho bila maumivu yoyote, na likiachwa huua mshipa wa kuonea. Basi kila unaporudi kliniki, hata ukiwa unaona vizuri, dai upimwe shinikizo.