Pima Kabla ya Kufungua: Hidroliki na Gia za Massey Ferguson 135

Mafundi, madereva na wenye matrekta, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari zenu.

Nitazungumzia trekta moja, Massey Ferguson 135, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi mliomo humu mnailimia au mnaitengeneza. Ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1975, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina umri wa takriban nusu karne. MF 240 iliyokuja baadaye imerithi sehemu kubwa ya mpangilio ule ule wa nyuma, basi mwenye 240 naye asikilize.

Tatizo ninalopigana nalo ni moja. Mikono ya nyuma, ile inayoinua plau, ikigoma kupanda, fundi anakimbilia kung'oa pampu. Gia ikilia, anakimbilia kugawa trekta katikati, yaani kuitenganisha vipande viwili. Siku tatu za msimu zinapotea, spea inanunuliwa, na trekta inarudi shambani na ugonjwa wake. Trekta hii inapimika ikiwa nzima, na vipimo vingi havihitaji zaidi ya spana, tochi na geji moja.

Tuanze na oili. Kwenye 135, giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na hidroliki vinatumia oili moja, ndani ya nyumba moja ya chuma. Maana yake ni hii: unga wa chuma unaotoka kwenye meno ya gia unaishia kwenye pampu. Maji yanayoingia juu yanaishia kwenye pampu. Oili isiyofaa aliyomimina kijana wa jana nayo inakwenda huko huko. Ukiambiwa mikono haipandi, mahali pa kwanza pa kutazama ni kijiti cha oili, upande wa kulia, karibu na mguu wa dereva. Simamisha trekta mahali tambarare, zima injini, shusha mikono mpaka chini, subiri dakika chache, futa kijiti, chovya, soma. Ujazo wake ni takriban lita 30, lakini hutofautiana kulingana na aina ya giaboksi, kwa hiyo kijiti ndicho kinachokuambia.

Usisome kiwango tu, soma na rangi. Oili inayofanana na chai ya maziwa ina maji. Na maji hayo mara nyingi hupitia mpira unaoziba shina la mkono wa gia. Trekta inalala nje, mpira umepasuka, mvua inashuka nao moja kwa moja mpaka ndani. Mpira huo ni spea ya bei ndogo, na kuuacha ukiwa umechanika kunaua pampu, beringi na valvu kwa pamoja. Oili yenye povu inaonyesha kwamba kiwango kimeshuka na pampu inanyonya hewa, au kwamba pampu inavuta kwa shida kwa sababu chujio limeziba. Oili nzito ya gia, EP90, nayo haifai humu. Asubuhi yenye baridi pampu haiwezi kuivuta, inanyonya nusu nusu, unasikia inaguguna, na mikono inapanda kwa uvivu. Weka oili ya matrekta ya kazi zote, ile inayouzwa kwa alama ya UTTO, yenye uzito wa 10W-30.

Sasa hidroliki yenyewe. Pampu imekaa ndani, imezama kwenye oili, na ina pistoni nne. Inazungushwa na shafti ile ile ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Pampu nyingi za mashine nyingine huvuta oili muda wote, na valvu huamua huko mbele iende wapi. Hii imefuata mfumo wa Ferguson: valvu ya kudhibiti iko upande wa kunyonyea. Ikifungua njia ya kuingia, mikono inapanda. Ikifunga, mikono inabaki ilipo. Ikifungua njia ya kutoka, mikono inashuka. Valvu hiyo ni fimbo nyembamba ya chuma iliyolala ndani ya tundu lake kwa nafasi ndogo mno, na imewekewa kifaa cha kuitikisa muda wote pampu inapozunguka ili isigande. Oili chafu ikiganda kama gundi kwenye fimbo hiyo, mikono itakataa kupanda, au itapanda na kukataa kushuka, hali pampu ni nzima kabisa. Ukishuku hivyo, ipashe trekta moto kwa kazi nyepesi, kisha injini ikiwa kwenye mwendo wa wastani peleka wenzo juu na chini mara nyingi. Ikilegea, mwaga oili ikiwa bado ya moto, safisha chujio, jaza mpya.

Mikono ikiwa haipandi kabisa, fuata mpangilio huu.

Kwanza wenzo. Kuna wenzo mbili za hidroliki kwenye kibao chao: mmoja ni wa kina cha kulima kwa kuhisi mvuto wa plau, mwingine ni wa kuweka mikono kwenye kimo unachotaka. Ukitumia ule wa kimo, ule wa mvuto lazima uwe juu kabisa. Dereva akiusahau chini, mikono haitapanda hata uvute wa pili mpaka mwisho. Ni jambo la kufanya mtu aone haya, lakini kifuniko cha juu kimeshawahi kufunguliwa kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo kagua.

Pili klachi. Kwenye 135 yenye klachi mbili, ukikanyaga pedali nusu magurudumu yanasimama, ukikanyaga mpaka chini PTO na pampu navyo vinasimama. Unganisha PTO bila chombo chochote, kaa mbali nayo, utazame kama shafti inazunguka. Isipozunguka, usiguse pampu. Tatizo liko kwenye klachi ya pili, kwenye marekebisho yake, au kwenye shafti. Na dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali aambiwe aache.

Tatu presha. Tafuta geji ya presha inayofika 5,000 psi (psi ni kipimo cha presha), uifunge kwenye kifuniko cha kutolea oili ya nje, kilicho juu ya nyumba ya hidroliki. Oili iwe moto. Peleka wenzo wa kimo kwenye nafasi ya kusukuma mfululizo, soma haraka, rudisha. Pampu nzima inafika kati ya 2,500 na 3,000 psi kabla valvu ya usalama haijafungua. Kitabu cha trekta yako kitakupa namba yake kamili. Ikifika hapo na plau bado haipandi, basi mzigo umezidi au shafti ya mikono imekwama. Ikiishia 1,000 au 1,500, kuna mahali oili inavuja ndani, au valvu ya usalama imelegea, au pampu imechoka. Usikisie ni lipi kati ya hayo. Nenda ukaone kwa macho.

Kuona kwenyewe ni hivi. Nyanyua mikono ikiwa na mzigo, plau yenyewe inatosha. Weka stendi madhubuti chini ya mzigo, zima injini. Mwaga oili kwenye chombo safi mpaka ishuke chini ya mfuniko wa pembeni, kisha fungua mfuniko huo. Mulika tochi ndani. Mwenzako aondoe stendi taratibu ili uzito uilalie oili iliyobaki kwenye silinda, na mikono yako iwe nje, kwa kuwa ndani mna vyuma vinavyosogea, na oili yenye presha ikitoboa ngozi ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu halionekani. Sasa tazama inadondoka wapi. Ikitiririka kutoka mdomo wa silinda, juu chini ya kifuniko, ni ringi au sili ya pistoni, au silinda imekwaruzika. Ikitoka kwenye bomba la wima linalounganisha pampu na kifuniko, ni oringi, yaani pete za mpira, za bomba hilo. Ikitoka kwenye mwili wa pampu penyewe, hapo sasa pampu ina kesi ya kujibu.

Oringi za bomba la wima ndizo ninazotaka mzikumbuke. Ni vipande viwili vya mpira, na zikikauka zinatoa dalili zote za pampu mbovu: presha ndogo, mzigo kushuka injini ikizimwa, na mikono kutikisa kichwa. Mikono ikitikisa kichwa, yaani inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena kila baada ya sekunde chache injini ikiwa inafanya kazi, ni oili inavuja na valvu inajaribu kufidia. Kutikisa huku kukitokea tu wakati wa kulima, na plau ikiwa imeinuliwa inatulia, tazama springi kubwa ya mvuto nyuma, pale panapofungwa toplinki, ule mkono wa juu wa katikati. Ishike, uisukume na kuivuta. Isiwe na mchezo wowote wa mbele wala nyuma, lakini iweze kugeuka kwa vidole. Ikiwa na mchezo, valvu inapewa habari za uongo, na plau itaruka ruka hata udongo uwe laini.

Kubadilisha oringi hizo kunahitaji kuinua kifuniko cha juu. Ni kizito, tumieni mnyororo na watu wawili. Wakati wa kukirudisha ndipo wengi wanapoharibu: wenzo wa wima unaoning'inia chini ya kifuniko lazima ukae mahali pake kwenye valvu ya pampu. Usikaze bolti hata moja kabla hujamulika kupitia mfuniko wa pembeni na kuona umekaa. Ukikaza huku wenzo huo haujakaa mahali pake, unaupinda, na kazi inaanza upya.

Nije kwenye gia, na hapa nitakwenda mbio zaidi kwa kuwa masikio yanafanya nusu ya kazi.

Gia ikilia wakati wa kuiweka, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, kisha weka. Ikiingia kimya, dereva alikuwa na haraka. Ikilia bado, klachi haiachii: rekebisha mchezo wa pedali kwa kipimo cha kitabu kabla ya kulaumu giaboksi.

Mlio ukiwapo trekta ikiwa nyutro na pedali ikiwa juu, halafu ukapotea ukikanyaga, ni beringi za shafti ya kuingilia au shafti ya chini. Mlio ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Mlio unaofuata mwendo wa magurudumu katika gia zote, ni difu. Mlio wa gia moja peke yake, ni meno ya gia hiyo.

Gia inayochomoka ikipewa mzigo ina chanzo cha bei ndogo na cha bei kubwa. Anza na cha bei ndogo: chini ya kifuniko cha gia kuna springi zinazobana reli zisiteleze. Springi ikikatika au kulegea, gia inaruka. Baada ya hapo tazama foki, vyuma vinavyosukuma gia, kama zimelika pembeni. Meno yaliyoviringika kwenye ncha ndiyo ya mwisho, na hayo hayana dawa ila gia mpya.

Ukimwaga oili, mwaga kupitia vizibo vyote vya chini, na ukipitisha kwenye kitambaa cheupe utajua hali ya ndani. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole, au rangi ya shaba, ni beringi au bushi zinazokufa.

Klachi inayoteleza nayo ina siri yake. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye spliti pini inayoning'inia. Oili ikidondoka hapo, ipake kwenye karatasi. Nyeusi imetoka kwenye injini, sili ya nyuma ya kranki. Ya dhahabu imetoka kwenye giaboksi, sili ya shafti ya kuingilia. Ukijua kabla ya kugawa trekta, utanunua sili inayohusika siku hiyo hiyo na hutagawa mara mbili. Na ukigawa, kwanza bana ekseli ya mbele kwa kabari za mbao pande zote mbili, la sivyo injini italala ubavu.

Mwenye 135 yenye Multi-Power anisikilize sana. Mfumo huu unabadilisha mwendo wa juu na wa chini bila klachi. Mwendo wa juu unashikwa na klachi ndogo ya oili, yenye pampu yake. Ukiteleza ikiwa juu na ikafanya kazi vizuri ikiwa chini, kagua kiwango cha oili kwanza, kisha presha ya pampu hiyo. Lakini mwendo wa chini unapita kwenye kifaa kinachoshika upande mmoja tu. Maana yake ni kwamba ukishuka mlima ukiwa chini, injini haizuii trekta hata kidogo. Tela la mahindi litakusukuma kama vile uko nyutro. Huo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa, na mfumo huu umeua watu. Weka juu kabla ya kuanza kuteremka. Na injini ikizimwa, gia haitaishikilia trekta hiyo kwenye mteremko: kaza breki ya mkono na weka jiwe chini ya gurudumu.

Mkimaliza kazi na kujaza oili, msioshe ndani kwa dizeli huku mkiinua mikono, maana dizeli hailainishi pampu vya kutosha. Washeni injini kwa mwendo wa chini, inueni na kushusha mikono mara kumi bila mzigo, zimeni, someni kijiti tena. Mtaona kimeshuka, ongezeni. Kama mnatumia tela linaloinuliwa kwa silinda ili kumwaga mzigo, someni kijiti silinda ya tela ikiwa imeingia ndani yote, kwa kuwa ikiwa imenyooka imebeba lita kadhaa za oili ya trekta. Na kabla ya kuchomeka mpira wa tela la mtu mwingine, futeni ncha zote mbili kwa kitambaa safi. Uchafu wa trekta ya jirani unapita hapo hapo na kuingia kwenye pampu yako.