Naomba kwenda chooni: miezi mitatu kwenye nyumba ya hifadhi Nairobi

Shikamooni walimu. Wenzangu wa ustawi wa jamii, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie fildi yangu ya nje ya nchi. Nilipotaja Nairobi, kuna watu kule nyuma wameguna. Mlitarajia Ulaya, najua. Lakini ukitoka Dar kwa basi, ukapita Arusha, ukashuka Namanga na begi lako kupanga foleni ya uhamiaji, utajua kwamba umetoka kwenu. Nilikwenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba inayowapokea wanawake na wasichana manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu. Jina lake sitalitaja. Hata habari za watu nitakazozisimulia nimezichanganya makusudi, mtu asije akamtambua mwenzake.

Nyumba yenyewe haina kibao. Bodaboda haikufikishi getini: unashukia sokoni, unatembea. Ukifika, simu unaiacha kwenye kikapu kwa mlinzi, unasaini daftari, na geti linafungwa nyuma yako kwa kufuli.

Siku ya kwanza nilikuwa na daftari jipya na kalamu tatu. Nilikwenda kukusanya visa, niseme ukweli. Ripoti yangu nilikuwa nimeshaipangia kichwani, sura ya nne ikiwa ni ya simulizi za manusura. Msimamizi akaniuliza hilo daftari ni la nini. Nikamweleza. Akaliweka kabatini, akanipa kisu na fungu la sukuma wiki. Wiki mbili nzima kazi yangu ilikuwa hiyo: kukata sukuma, kusonga ugali, kuanua nguo. Nilikasirika kimyakimya. Baadaye nikaelewa kwamba msichana anayefika pale ameshasimulia polisi, akasimulia hospitali, akasimulia uhamiaji, na mbele yake kuna wakili na mahakama. Wote hao wana sababu ya kumuuliza. Mimi nilikuwa na sura ya nne.

Sheria mnaisoma darasani, sitakaa sana hapo. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inatazama mambo matatu: tendo, njia na lengo. Kwa aliye chini ya miaka 18, habari ya njia haina haja. Hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, akishachukuliwa ili anyonywe, kosa limetimia. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2008, Kenya wana ya mwaka 2010, na yao inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30 za kwao, au vyote viwili. Ninachotaka mkione ni kile kipengele cha tendo. Kumsafirisha mtu kimo, kumhamisha kimo, na kumpa mahali pa kukaa pia kimo. Yaani aliyemfungia binti ndani alimpa chumba, godoro na chakula, akamwekea simu yake, akafunga geti.

Sasa nirudie: simu kwenye kikapu, kufuli getini, godoro, chakula. Mnaona? Wiki ya kwanza binti hawezi kujua kwa macho kwamba nyumba hii si kama ile aliyotoka.

Kulikuwa na mmoja kutoka huku kwetu, wa umri wa kidato cha nne, ingawa shule aliiachia darasa la saba. Alichukuliwa na mtu anayemwita shangazi ili akasomeshwe Nairobi. Shule hakuiona. Alipika, akalea watoto, akafua, bila mshahara. Pale kwenye hifadhi kila alipotaka kwenda chooni alisimama mlangoni akasema, "Dada, naomba kwenda chooni." Wenyeji walimpenda kwa hilo. Nairobi mtu anasema "nipatie chumvi" na hakuna aliyekosewa adabu, kwa hiyo walikuwa wakinitania mimi na yeye, kwamba nyinyi watu wa Bongo kuomba hamchoki. Ni kweli, sisi hata dukani na pesa mkononi tunaomba chumvi. Lakini chooni? Kwenu nyumbani, nani aliomba kwenda chooni? Ile haikuwa adabu ya Kitanzania. Mtu alimzoesha. Nilimwambia msimamizi jioni ile jikoni, naye akaacha alichokuwa akifanya, akakaa.

Hatukumuuliza kitu. Msimamizi alibadilisha taratibu za nyumba. Mlango wa ukumbi ukaachwa wazi mchana kutwa. Funguo za stoo ya chakula zikatundikwa ukutani, kila mtu azione. Siku zile tulikuwa tukikuta nusu chapati ndani ya foronya, na aliyeficha hakugombezwa. Mtu mzima akielezwa hatari iliyopo nje na bado akataka kuondoka, alisaini akafunguliwa geti. Niliwahi kuona mmoja anaondoka hivyo. Nilitaka tumzuie, nikaambiwa tukimzuia tutakuwa nani?

Kazi niliyoifanya vizuri kwa kweli ilikuwa ya simu. Kutafuta ndugu wa msichana wa kijijini Tanzania si jambo dogo. Afisa wa Kenya akipiga kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji anasikia lafudhi, anaona namba ya nje, anakata akidhani ni tapeli. Nikapewa simu mimi. "Shikamoo mzee, habari za huko, mvua zimenyesha?" Dakika kumi za mvua na mahindi kwanza. Sikusema binti yuko wapi wala yamemkuta nini. Nilitaka kujua nani anaishi kwenye ile nyumba sasa, nani analeta hela, shangazi anakuja lini na nani anampokea. Kwa sababu dalali mara nyingi si mgeni mwenye gari jeusi. Ni mtu anayechangia misiba. Ukimrudisha mtoto mikononi mwa aliyemtoa, umemlipia nauli ya safari ya pili, na familia nyingine zilishapokea fedha, kwa hiyo binti anarudi akiwa ndiye mwenye deni.

Na neno letu "nikamsomeshe" mlisikilize upya mkiwa fildi. Wengi waliosomeshwa na ndugu kweli walisoma. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, mama mdogo alinichukua nikiwa darasa la tano. Ndiyo maana neno hilo linafanya kazi vizuri hivyo kwa mwenye nia mbaya.

Naona vikaratasi vya maswali vimefika. Huyu anauliza niende na nini. Ndala zako mwenyewe, maana utapiga deki sana. Kamera acha. Mwingine anauliza yule binti aliishia wapi. Fildi yangu iliisha kabla shauri lake halijaitwa mahakamani. Namba ya ile nyumba ninayo, ila sina haki ya kupiga kuuliza, na sijapiga. Karatasi inayofuata.