Padre Asiye Baba Wala Padri

Mabibi na mabwana, Mswahili anayefika Mexico kwa mara ya kwanza na kumsikia kijana akishangilia viatu vipya kwa kusema «¡qué padre!» ana kila sababu ya kugeuka kumtafuta padri, kwa kuwa neno letu padri tulilipata kwa Wareno, na padre la Kihispania, lenye maana ya baba na pia padri, ni ndugu yake wa tumbo moja. Padri hayupo, wala baba. Viatu vimempendeza, basi.

Tusishangae sana, maana hata mitaani kwetu kilichozidi vingine vyote huitwa baba lao. Huko Hispania, neno hili likifuata nomino huweza kuonyesha ukubwa, kama katika «un escándalo padre», kashfa kubwa. Wamexico wao wamelivuta hadi kwenye uzuri.

Kinachowakwaza wanafunzi ni sarufi. Vivumishi vingi vya Kihispania hufuata jinsia ya nomino, ndiyo maana bonito, yaani zuri, hugeuka bonita. Basi mwanafunzi makini, akikumbuka kwamba fiesta ni nomino ya kike, hutangaza kuwa sherehe ilikuwa madre, yaani mama, na meza nzima huangua kicheko. Padre halijali jinsia: «la fiesta estuvo padre», sherehe ilikuwa nzuri. Linalojali ni wingi: «unos zapatos muy padres», viatu vizuri sana. Madre liwekeni kando kwanza, kwa kuwa misemo yake mingi, hata ya kusifu, ina ukali usiofaa mbele ya mama mkwe.

Mtu akikuambia «me dieron el trabajo», yaani amepata kazi, mjibu «¡ay, qué padre!» kama ambavyo hapa ungesema safi sana. Mkitoka matembezini mkiwa mmefurahi, semeni «nos la pasamos padre». Chakula kitamu, hata hivyo, husifiwa kwa neno rico, na mtu mwenye roho nzuri mara nyingi huitwa buena onda. Ninayoipenda mimi ni kanusho, «no está padre», lawama iliyopozwa, karibu sana na «siyo poa» yetu.

Matamshi nayo yana siri ndogo: d ya padre si ile ya dawa, bali hulainika ikakaribia dh ya dhahabu. Sasa tutamke pamoja, tukiwa tunavitazama viatu vya jirani: «¡Qué padres están tus zapatos!»