Breka hailindi friji yako

Haya tuanze, waliochelewa watatukuta njiani. Mama, pokea hiki kipande cha waya, kikunje kidogo, kisha mpe jirani yako. Umesikia kinavyolia? Kama kaukau. Huo ni waya wa mbili na nusu, yaani unene wa milimita za mraba mbili na nusu, shaba halisi, msije mkaniambia ni feki. Haujamaliza hata miaka minne tangu uingie darini.

Ulikotoka ni hapahapa Dar, mwenyewe simtaji. Mzee amestaafu, akaikarabati nyumba, akaongeza vyumba vitatu uani vya kupangisha. Vyumba vizuri kabisa, vigae chooni mpaka usawa wa macho, kimoja kina kiyoyozi. Umeme ukatoka wapi? Kwenye soketi ya jikoni. Ndiyo, ileile mama anayochomeka blenda! Fundi aliuvuta waya pale, akapanda nao darini, akatokea uani. Wapangaji walipoingia, breka ya ampea 20, ile swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi, ikaanza kukata. Fundi akaitwa, akaja na ya 32. Ikakata tena. Akaja na ya 40. Ikatulia, wakamshukuru na soda wakampa. Mimi mtu akiniambia breka yake ilibadilishwa ikatulia, huwa naomba ngazi.

Mama mwenye nyumba alinipokea na malalamiko ya harufu ya samaki jikoni. Alishanunua sumu ya panya mara mbili, akijua kuna panya amefia darini. Panya hakuna. Ile ni plastiki ya soketi inaiva.

Sasa hili nimelisema mpaka wanangu nyumbani wananiigiza: breka hailindi friji. Hailindi tivii. Breka inalinda waya. Ikikata kwa mzigo, waya umelemewa na unalia. Ukimwekea breka kubwa hujamtua mzigo, umemziba mdomo.

Tupige hesabu, toeni simu zenu. Jumamosi mchana: kiyoyozi kidogo, wati 1,200. Mpangaji wa pili anapika kwa jiko la umeme, wati 2,000. Wa tatu kaweka birika, 2,000 nyingine. Jumla 5,200, gawa kwa volti 230, unapata kama ampea 23. Fungua majedwali ya Waingereza tunayotumia mafundi, BS 7671: waya wa mbili na nusu ndani ya paipu ukutani unabeba ampea 24. Kaka pale nyuma anatabasamu, anasema si unatosha? Ngoja. Jedwali linachukulia hewa ina nyuzi 30. Nani hapa dari yake chini ya bati ina nyuzi 30 saa nane mchana mwezi wa pili? Panda ukatembee huko dakika tano uje unisimulie. Hewa ikifika nyuzi 50, jedwali hilohilo linasema zidisha kwa 0.71. Zile 24 zimebaki 17. Waya wa kubeba 17 unabebeshwa 23, na mlinzi wake hashtuki mpaka ipite 40. Na pasi sijaitaja.

Kwa hiyo uani panahitaji meni swichi yake ndogo, inayolishwa moja kwa moja na meni swichi kubwa, kwa waya wake na breka yake. Soketi ya jikoni muachieni mama. Waya gani? Wa kumi unabeba 57 ndani ya paipu. Mara 0.71, unapata 40. Breka ya 40 inakaa pale bila kumdanganya mtu. Au kwepa bati kabisa, chimba mtaro, laza kebo ya ardhini yenye deraya, lile vazi la chuma. Najua, waya wa kumi ni ghali. Mzee wangu naye aliniambia hivyohivyo, amesimama mbele ya vigae vyake.

Swali ninaloulizwa kila mara: nikiweka meni swichi ya pili, si nimepata umeme zaidi? Hapana. Kuongeza sahani mezani hakuongezi wali sufuriani. Kinachoingia kutoka nguzoni ni kilekile. Jumlisha mzigo wa nyumba nzima kwanza, na ukiona laini ya fezi moja, yenye waya mmoja tu wa moto, imezidiwa, nenda TANESCO ukaombe fezi tatu kabla hujamwita fundi wa jipsamu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Kwenye meni swichi ndogo, nyutro, waya wa kurudisha umeme, na ethi, waya wa ardhi, kila mmoja na reli yake, msiziunganishe. Nyutro ikikatika njiani huku zimeshikana, mwili wa friji unakuwa na umeme, na mtoto anakuja pekupeku kuchukua maji. Ile swichi ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, iwekeni, vyoo vina maji. Andikeni kila breka inahudumia nini, kwa maandishi yanayosomeka. Fundi akuonyeshe leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, asikasirike, na mimi naonyesha yangu. Vipimo vifanyike kabla dari halijafungwa. Likishafungwa utapimiwa kwa maneno.

Jenereta na sola nilitaka niviongelee, muda umeliwa na yule panya. Siku nyingine.

Mama, kile kipande kimefika wapi? Kirudi mbele tafadhali, kipo kimoja tu, na Jumamosi nina watu wengine wa kuwaonyesha.