Tufanye Nini Basi? Imani ya Mkristo Katika Mizani, Mshahara na Zamu ya Kazi

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, mama zetu wa umoja wa wanawake, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi: Bwana Yesu asifiwe.

Mada niliyopewa ni pana, imani na kusudi la Mkristo katika maisha ya kila siku, nami nimeomba ruhusa ya kuifinya kidogo. Swali la kusudi la maisha linawasumbua wengi, hasa vijana, ambao hufunga na kuomba ili Mungu awaonyeshe walichoitiwa, huku kazi waliyo nayo mikononi wakiihesabu kuwa ni pa kujishikiza tu hadi wito wenyewe ufike. Ninachoamini, na ninachotaka tukitafakari asubuhi ya leo, ni kwamba wito wa Mungu huanza kutimizwa pale ambapo fedha, vipimo na muda wa watu wengine hupita mikononi mwetu. Asiyemtii Mungu hapo, sioni atamtii wapi.

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 3. Watu wamemsikia Yohana Mbatizaji kule Yordani, mahubiri yamewachoma, nao wanauliza, “Tufanye nini basi?” Majibu yake hayana hata neno moja kuhusu hekalu. Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wanaambiwa, “Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.” Askari wanaambiwa wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mishahara yao. Tukumbuke jinsi ushuru ulivyokusanywa katika dola ya Kirumi: haki ya kutoza iliuzwa kwa wenye fedha, na faida ya mtoza ushuru ilitokana na kile alichozidisha. Kwa hiyo Yohana aligusa panapouma. Hata hivyo hakumwambia mtoza ushuru aache kazi na kuhamia jangwani kula nzige na asali pamoja naye. Alimrudisha kwenye meza ile ile ya ushuru, akiwa na amri moja iliyo wazi kiasi kwamba mtu asiyejua kusoma angeweza kuipima kama imetekelezwa.

Nasi tuulize hivyo hivyo, kila mtu kwa meza yake. Wafanyabiashara wa nafaka mlioko hapa mnalijua kopo la kupimia mchele ambalo kitako chake kimepigwa kikaingia ndani, likafutwa vumbi mbele ya mteja na kujazwa hadi likafanya kilima juu, ili macho ya mama yule yaende kwenye kilima na yasifike kwenye kitako. Mnaijua pia lumbesa, gunia lililoongezewa kofia na kushonwa kwa kamba, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja ilhali jasho lake lililomo ni la gunia na ziada. Sheria ya vipimo inaikataza, na maofisa wa Wakala wa Vipimo hupita masokoni wakikagua, lakini kabla ya sheria hiyo Mithali ilikwisha kusema, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza.” Neno “chukizo” ndilo Torati inalolitumia kwa ibada ya sanamu. Sisi tunaogopa sana hirizi kukutwa mfukoni mwa Mkristo, na ni sawa tuogope, lakini kopo lililobonyezwa hatujawahi kulitolea machozi madhabahuni.

Wako pia wenzetu wa ofisini, ambao kwao kipimo ni muda: faili ambalo halionekani mpaka itolewe chai, “njoo kesho” anayoambiwa mzee aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa. Hilo mnalijua, sitakaa nalo.

Nitakaa na jambo lililo karibu zaidi, maana liko nyumbani mwetu. Yakobo, sura ya 5, anaandika kwamba ujira wa wakulima waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nani amevuna shamba letu akazuiliwa ujira? Yuko binti aliyeletwa kutoka mkoani na shangazi au jirani, anayeitwa dada wa kazi, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto wasiokuwa wake na kulala baada ya sahani ya mwisho kuoshwa. Mwisho wa mwezi anaambiwa, “Nakutunzia, utachukua ukienda kwenu.” Miezi inapita. Siku anapotaka kuondoka, hesabu inaanza kufanywa ya vikombe alivyovunja na dawa alizonunuliwa alipougua malaria, na fedha iliyokuwa ikitunzwa inageuka kuwa deni. Jumapili tunapotoka kwenda ibada ya kwanza, yeye anabaki jikoni, na tukirudi tunamwombea baraka mezani juu ya chakula alichopika. Ndugu zangu, nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika nyumba nyingi zinazoitwa za Kikristo mtu wa kwanza kujua kama imani yetu ni ya kweli ni binti huyo, na hakuna anayemwuliza.

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina historia ambayo ingetusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church, kiongozi wa wahudumu alikuwa Yosiya Kinuka. Kazi ilikuwa imejaa manung’uniko. Kinuka alikwenda Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, mtu aliyekuwa ameacha utumishi wa serikali ili ahubiri, akamweleza kasoro zote za pale Gahini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia maneno: kasoro hizo zimo pia moyoni mwako. Lililonivuta katika habari hii ni kwamba Nsibambi, ambaye yeye mwenyewe aliiacha ajira yake, hakumfanya mwenzake amwige. Kinuka alirudi kwenye wodi zile zile na wagonjwa wale wale, na mabadiliko yakaanza kuonekana katika namna kazi ilivyofanywa.

Kutoka huko uamsho ulienea Kigezi na sehemu nyingine za Uganda, ukaingia Kenya mwaka 1937, na kabla miaka ya 1930 haijaisha ulikuwa umefika Bukoba. Watu wa uamsho huo ndio walioitwa Balokole, yaani “waliookoka” kwa Kiganda. Alama yao kubwa, pamoja na nyimbo na ushuhuda, ilikuwa kurudisha: mtu aliyeokoka alikwenda kwa mwajiri wake, kwa jirani, hata kwenye ofisi ya serikali, akiwa na kitu alichoiba mkononi au na fedha ya kufidia. Hawakukosa kasoro. Wapo waliogeuza toba kuwa mahakama ya kuwahukumu wengine, na wapo walioungama hadharani dhambi zilizowahusu watu ambao hawakuwa tayari kutajwa. Lakini walilijua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba msamaha wa Mungu ni wa bure na blanketi la hospitali bado linatakiwa kurudi hospitalini. Katika shule hiyo ndimo alimolelewa Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, akaipinga dhuluma ya utawala wa Idi Amin na kuuawa Februari 1977. Siamini kwamba ujasiri ule ulizaliwa siku ile ile.

Ninajua wapo wanaosema moyoni: haya ni mazuri, lakini nikiweka kopo lisilobonyezwa wakati jirani yangu sokoni amebonyeza lake, nitafilisika. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa “Mungu atakurudishia maradufu,” maana hatujaahidiwa hivyo. Zakayo aliposema, “Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang’anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne,” aliondoka mezani akiwa na mali pungufu sana, na hatusomi popote kwamba alirudishiwa. Alichopata ni neno la Yesu kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Uaminifu una gharama, na gharama hiyo haikukusudiwa ibebwe na mtu mmoja. Wafanyabiashara wa usharika huu walio katika soko moja wanaweza kukubaliana kipimo kimoja na kukaguana wao kwa wao. Na mtumishi wa umma aliyehamishwa kwa sababu alikataa kusaini hati ya uongo anastahili kukuta kwamba jumuiya yake inajua, na ada ya watoto wake imezungumzwa.

Na usharika wenyewe ni mwajiri. Tuna mlinzi wa usiku, tuna mhudumu wa kanisa, tuna walimu wa chekechea, na baadhi yao hulipwa kwa kuchelewa kwa maelezo kwamba wanamtumikia Mungu. Kwa heshima kubwa naliomba baraza la wazee liiweke mishahara yao katika ajenda ya kikao kijacho, itangulie hesabu za ujenzi wa mnara, na waajiriwa hao waalikwe waseme wenyewe wanadai nini na tangu lini.